Juya Halivutwi na Mtu Mmoja: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Kumbukumbu ya Dunia na wa Maktaba ya Laurenziana

Kwa wasimamizi wa Rejista ya Kumbukumbu ya Dunia, UNESCO, Paris. Na kwa wasimamizi wa Maktaba ya Medicea Laurenziana, Florence.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Pangani. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Si mtaalamu wa mambo ya Meksiko, na Florence sijafika. Nawaandikia kuhusu kitabu cha kale cha Meksiko kilichomo katika rejista na maktaba zenu, kwa sababu ya swali la mtoto wa Kidato cha Pili ambalo nilishindwa kulijibu mbele ya darasa zima.

Siku hiyo niliwategea vitendawili vitatu. "Kitendawili!" "Tega!" Kibuyu kidogo cha buluu kimejaa bisi. Wakahangaika weee. Mmoja akasema jicho, mwingine akasema bahari na mapovu yake, mwisho wakanipa mji. Nikaikataa Korogwe, nikaipokea Mombasa, nikala raha zangu huko kama ada inavyotaka, ndipo nikawapa jibu: mbingu na nyota. Cha pili, mawe kumi bapa unayotembea nayo siku zote, kilijibiwa kabla sijafunga mdomo: kucha. Cha tatu kikawazungusha: anapita bondeni akipiga makofi kama mwanamke anayekanda mkate kwa viganja. Huyo ni kipepeo.

Nilipowaambia kwamba vitendawili hivyo si vya Wazigua wala Wadigo bali ni vya Wanahua, watu ambao vitabu vyetu huwaita Waazteki, na kwamba kipepeo kwa lugha yao ni papalotl, darasa likaanza kupepea mikono na kuimba papalotl, papalotl. (Wanaisimu msinijie juu, najua lugha hizi hazina undugu. Mtoto yeye anasikiliza sauti.) Nikawaambia pia kwamba Wanahua nao walikuwa na ada ya kuanzia: sisi tunasema "kitendawili", wao walisema "zazan tleino", yaani ni nini hiki? Na kwamba yote hayo yamo katika kitabu kilichoandikwa kwa mkono na kukamilika mwaka 1577.

"Mwalimu, nani kakiandika?"

Nikajibu kama nilivyosoma kwenye simu yangu: Fray Bernardino de Sahagún, mtawa Mfransisko kutoka Hispania. Msichana aliyekaa karibu na dirisha akakunja uso. "Sasa Mhispania alivijuaje vitendawili vya bibi zao?"

Waheshimiwa, kengele ndiyo iliyoniokoa. Barua hii ni jibu nililokwenda kulitafuta baada ya kengele, pamoja na ombi lililozaliwa humo.

Kitabu chenyewe mnakijua kuliko mimi, kwa hiyo nitapita haraka kwa faida ya wasomaji wengine. Ni vitabu 12 vilivyojalidiwa katika majuzuu matatu, namba zake pale Laurenziana ni Mediceo Palatino 218, 219 na 220. Kina karibu kurasa 2,500 na picha zaidi ya 2,000. Kila ukurasa una safu mbili: kulia Kinahuatl, kushoto Kihispania. Ndani yake mna miungu na sikukuu zao, hesabu ya siku, nasaha za wazee, wafalme, wafanyabiashara, maradhi na dawa, ndege, mawe, na mwisho kabisa habari za vita vilivyouangusha mji wa Mexico-Tenochtitlan mwaka 1521, zikisimuliwa na upande ulioshindwa. Dunia inakiita Kodeksi ya Florence (kodeksi ni kitabu cha kale cha mkono), ingawa kiliandikwa Tlatelolco, mji jirani wa Tenochtitlan, ng'ambo ya bahari. Florence ni mahali kilipohamia tu. Hilo la jina la mji naliacha kwa leo.

Nikaanza kukisoma kidogo kidogo, usiku, bando linaporuhusu. Katika Kitabu cha 10 nikamkuta muuza kakao mlaghai. Mbegu za kakao kwao zilikuwa kinywaji na zilikuwa pia fedha ya sokoni, kwa hiyo kulikuwa na faida katika kuzighushi. Kitabu kinaeleza hila zake moja baada ya nyingine: anafinyanga kakao za bandia kwa nta, au kwa unga wa mbegu za mchicha, au anatumia kokwa za parachichi, kisha anazivika maganda ya kakao halisi na kuzichanganya na nzuri. Nilicheka peke yangu gizani. Anayejua kiasi hicho ni mtu aliyewahi kutapeliwa pale sokoni Tlatelolco, au shangazi yake alitapeliwa, akarudi nyumbani na kikapu cha nta huku akilaani. Mtawa hawezi kulibuni jambo kama hilo chumbani kwake.

Basi msichana wa dirishani alikuwa na haki. Na uzuri ni kwamba mtu wa kwanza kumpa haki hiyo ni Sahagún mwenyewe. Mtawa huyu alifika Meksiko mwaka 1529 na alifia huko mwaka 1590, na hakuficha jinsi kazi ilivyofanyika. Anaeleza kwamba kati ya miaka ya mwisho ya 1550 na mwaka 1561 alikaa Tepepulco, akamwomba mkuu wa mji, Don Diego de Mendoza, ampe wazee wa kuzungumza nao. Akapewa kumi au kumi na wawili. Yeye ana maswali, wao wana majibu, na majibu waliyatoa kwa michoro, maana hayo ndiyo yaliyokuwa maandishi yao tangu kale. Chini ya kila mchoro wasomi wanne vijana wakaandika maelezo kwa Kinahuatl. Kisha akahamia Tlatelolco, akapewa wazee wengine wanane au kumi, na yale ya Tepepulco yakapitiwa upya, yakarekebishwa, yakaongezwa.

Wale vijana hawakuwa makarani wa kuandika imla. Walisoma Chuo cha Santa Cruz cha Tlatelolco, kilichofunguliwa Januari 1536. Walikuwa na lugha tatu, Kinahuatl, Kihispania na Kilatini, na Sahagún mwenyewe alikuwa mmoja wa walimu wao. Aliwataja. Mkubwa wao na mwenye hekima kuliko wote, anasema, ni Antonio Valeriano wa Azcapotzalco. Huyu Valeriano baadaye alikuwa gavana wa Wanahua wa Tenochtitlan kwa zaidi ya miaka 20. Ninyi mnamwita nani mtu wa namna hiyo? Msaidizi? Mtoa habari? Kwetu mtu akiongoza mji kwa miaka 20 na tena akaandika Kilatini, huwezi kumwita mtoa habari.

Sahagún ana mfano mmoja ambao uliniketisha chini. Anasema kazi yake ni kama wavu wa kukokota, wa kuyatoa nje maneno yote ya lugha ile na maana zake zote. Njooni Pangani alfajiri muuone wavu huo. Sisi tunauita juya. Mwenye juya ana heshima yake: nyuzi ni zake, yeye ndiye anayejua wapi pa kuzungushia. Lakini juya halivutwi na mtu mmoja. Lina kamba mbili, na kila kamba ina safu ya watu waliokita visigino mchangani, wakivuta kwa wimbo mpaka mfuko ufike nchi kavu. Samaki wakimwagwa, mwenye juya anachukua fungu lake na wavutaji wanachukua lao. Akiondoka na samaki wote ugomvi utakaozuka pale ufukweni hamtapenda kuushuhudia.

Ndiyo maana nikashtuka nilipofika kwenye rejista yenu, waheshimiwa wa UNESCO. Mwaka 2015 mliiandikisha kazi hii katika Kumbukumbu ya Dunia. Mlifanya vyema. Lakini kichwa mlichoiandikishia, kwa Kiswahili, ni "Kazi ya Fray Bernardino de Sahagún (1499–1590)". Samaki wote kwa mwenye juya.

Mtanijibu kwamba mradi ulikuwa wake. Nakubali. Bila yeye kusingekuwa na maswali, wala karatasi, wala mtu wa kubishana na wakubwa wa shirika lake walipomkatia fedha. Nakubali hata kwamba nia yake haikuwa ile ya mtafiti wa leo: anasema waziwazi kwamba kama vile tabibu anavyotaka kuujua ugonjwa ili autibu, ndivyo mhubiri anavyotaka kuzijua ibada za kale ili azing'oe. Hayo yote yaandikwe. Ombi langu halimpunguzii yeye herufi hata moja.

Tatizo la jina moja ni kwamba linamfanya msomaji aiamini safu moja. Akiona Sahagún, anakwenda kushoto, kwenye Kihispania, akidhani huko ndiko kwenye kitabu na kulia kuna tafsiri ya wenyeji. Kumbe ni kinyume. Kinahuatl kilitangulia, Kihispania kikafuata, mara nyingi kifupi zaidi. Angalieni kurasa zenu wenyewe: safu ya kulia imejaa mpaka chini, ya kushoto inaishia njiani, na pale ilipoishia wamechora picha. Nyingi ya picha hizo nzuri zinazouzwa leo kama kadi zimekaa mahali ambapo Kihispania kilikuwa hakina zaidi la kusema.

Chukueni mfano wa Kitabu cha 12. Motecuhzoma, mtawala wa Tenochtitlan, anawatuma wajumbe wampelekee Cortés, kiongozi wa Wahispania, na watu wake zawadi za dhahabu na manyoya. Safu ya Kihispania inasema, kwa kadiri wajumbe walivyoona kwa dalili za nje, Wahispania waliifurahia dhahabu wakaonyesha kwamba wanaithamini sana. Maneno ya adabu, ya mtu aliyekaa na wageni sebuleni. Hamieni kulia. Kule nyuso za Wahispania zinachanua, wanainyakua dhahabu kama nyani, wanaipapasa, mioyo inawatulia, wanaionea kiu, wanaitamani kama nguruwe wenye njaa. Na lugha wanayozungumza wale wageni? Ni kubwabwaja tu. Msomaji aliyeishia kushoto hakuyasikia hayo, na hana habari kwamba hakuyasikia.

Nani aliyaandika? Hakika si mtu aliyezaliwa Hispania.

Kuna jambo jingine linaloonekana kwa macho bila kujua lugha yoyote kati ya hizo mbili. Nakala yenu ilitengenezwa Tlatelolco kuanzia mwaka 1575 mpaka 1577. Vitabu vya mwanzo vina rangi, ikiwamo ile nyekundu inayotolewa kwa mdudu anayeishi kwenye mpungate, ambayo Wanahua waliiita nocheztli, damu ya tunda la mpungate. Endeleeni kufunua. Katika vitabu vya mwisho rangi zinakatika. Zinarudi kidogo, zinakatika tena, mpaka Kitabu cha 12 ambacho karibu chote ni wino mtupu. Agosti 1576 gonjwa lilizuka. Katika Kitabu cha 11 Sahagún anasimamisha habari alizokuwa akizieleza, anaandika kwamba ni mwezi wa tatu sasa, watu wengi wamekufa na kila siku wanaongezeka. Alikuwa anajua anachokisema, maana katika gonjwa la mwaka 1545 alizika hapo Tlatelolco maiti zaidi ya 10,000 kabla yeye mwenyewe hajaugua. Mtafiti Diana Magaloni, ambaye amezikagua picha hizo kwa karibu, amehesabu mikono ya wachoraji 22. Watu hao waliendelea kuchora huku wenzao wakizikwa na wauza rangi hawafiki tena. Siwezi kuliangalia jani lisilo na rangi la Kitabu cha 12 nikaona kazi ambayo haikumalizika. Naona watu walioamua kumaliza na kile kilichobaki.

Aprili 1577 Mfalme Philip wa Pili akaamuru maandiko ya Sahagún yakusanywe yote, yapelekwe Hispania bila kubaki nakala, na mtu yeyote asiruhusiwe kuandika habari za imani na maisha ya kale ya wenyeji, kwa lugha yoyote. Mwaka 1580 mtawa mwenzake, Fray Rodrigo de Sequera, akavuka bahari na majuzuu haya, na kabla karne haijaisha yalikuwa mikononi mwa ukoo wa Medici. Wavuna samaki hawakuliona tena fungu lao.

Huenda mnajiuliza kwa nini mwalimu wa Pangani ajiumize kichwa na mambo ya Meksiko. Nitawaambia. Mwaka 1903 kulichapishwa huko Ujerumani kitabu cha Kiswahili kuhusu desturi za Waswahili: ndoa, ngoma, biashara, mazishi, sheria. Jina la mbele lilikuwa la Mjerumani Carl Velten. Sehemu kubwa ya kitabu hicho iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, pamoja na Waswahili wengine, na huyo Mtoro alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili na ndiko alikofariki mwaka 1927. Ilibidi tusubiri hadi tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1981 ndipo kichwa cha kitabu kikasema wazi kwamba ni desturi za Waswahili za Mtoro bin Mwinyi Bakari na Waswahili wengine. Miaka 78. Ila iliwezekana, na mbingu haikuanguka, na Velten hajafutwa popote.

Na nina la nyumbani pia. Babu yangu mzaa mama alikuwa na mkoba wa karatasi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: tenzi, dawa za mizizi, tarehe za kuzaliwa za ukoo, madeni ya nazi. Mgeni mmoja alikaa naye wiki tatu barazani, akinakili. Babu akimsomea, akimfafanulia, akimrekebisha, na bibi akileta kahawa. Kitabu kilitoka. Tulikipata baada ya babu kufariki. Katika ukurasa wa shukrani mlikuwa na maneno "wazee wa pwani". Mama alikifunika akasema, "Basi." Sijui kama kuna neno zito kuliko hilo "basi" katika lugha yetu.

Kwa hiyo siandiki kama adui. Wengine wamekwisha kuonyesha njia. Taasisi ya Utafiti ya Getty ya Los Angeles ilipokiweka kitabu chote mtandaoni Oktoba 2023, kwa ushirikiano na Laurenziana, iliwataja Wanahua kwa majina kama waandishi, bega kwa bega na mtawa. Sasa kitabu kile kile kikifunguliwa kwenye mtandao huo kina waandishi wanane na ziada, kikifunguliwa kwenye rejista yenu kina mmoja. Na ninyi UNESCO ndio mliotangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tuliwashukuru, shuleni tulipika pilau. Mtu aliyetufanyia hivyo naweza kumwomba jambo dogo.

Sidai mkirudishe kitabu Meksiko. Mwaka 1990 Papa Yohane Paulo wa Pili aliirudisha Meksiko hati ya dawa za mitishamba ya mwaka 1552, aliyoitunga tabibu Mnahua Martín de la Cruz na kutafsiriwa kwa Kilatini na Juan Badiano wa Xochimilco, kwa hiyo jambo la namna hiyo si geni. Lakini hilo ni la Wameksiko kulisema, na kwanza kabisa ni la Wanahua, maana wapo. Kinahuatl kinazungumzwa hadi leo na watu zaidi ya milioni moja. Mimi nabaki kwenye kadi ya katalogi.

Naomba kichwa cha rejista kibadilishwe, na jedwali la waandishi pale Laurenziana lipangwe ili kila maktaba inayonakili kutoka kwenu inakili majina yote. Naomba pia kila mnapoonyesha ukurasa, kwenye kabati la kioo au kwenye skrini, maelezo yaseme safu ya kulia ni ipi na kwamba ndiyo iliyotangulia. Yule mtoto wa dirishani akija Florence siku moja, asianze kwa kukosea upande.

Nayaandika majina hapa kama Sahagún alivyoyaacha, ili karani wenu asihangaike kuyatafuta. Wasomi: Antonio Valeriano wa Azcapotzalco, Alonso Vegerano wa Cuauhtitlan, Martín Jacobita wa Tlatelolco, Pedro de San Buenaventura wa Cuauhtitlan. Waandishi wa hati: Diego de Grado wa Tlatelolco, Bonifacio Maximiliano wa Tlatelolco, Mateo Severino wa Xochimilco. Baada yao muandike: wazee wa Tepepulco, wa Tlatelolco na wa mji wa Mexico. Na wachoraji, 22 kwa hesabu ya sasa. Kisha Fray Bernardino de Sahagún, mwenye juya.

Wenu,
Mwalimu wa Kiswahili, Pangani